Kompyuta ya Mtumba na Amana ya Kupamba



Juma hili nimeyaweka kando mambo ya jikoni na ya malezi, kwa sababu kina mama watatu wa Changamwe na Mikindani wameniletea swali moja kwa nyakati mbalimbali. Binti ameomba anunuliwe kompyuta ya kuhariria video. Mpya inayofaa inazidi laki moja. Je, ya mtumba itafaa, au ni pesa kutupwa baharini? Ningeweza kujibu kwa neno moja, lakini neno hilo lisingewasaidia mtakaposimama mbele ya kaunta ya duka. Heri niwasimulie yaliyopita nyumbani kwa kaka yangu kule Kipevu, kwa kuwa nilikuwamo tangu mwanzo wake.

Binti wa kaka yangu huchukua video za kupamba. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kupamba ni nini: usiku wa wanawake watupu, bibi harusi kaketi juu ya kiti chake, nywele zimefunuliwa, mikono imejaa hina, na mashangazi na masomo wamevaa wasichovaa mbele ya mwanamume asiye maharimu. Katika kumbi nyingi siku hizi simu za wageni huzuiliwa mlangoni, na kamera huruhusiwa moja tu, tena iwe mkononi mwa mwanamke. Haya yote twayasimamia kwa ukali. Lakini asubuhi yake ile kadi ya kamera hutiwa katika bahasha, akapewa kijana wa bodaboda avuke nayo daraja la Makupa, video ikahaririwe mjini na vijana tusiowajua majina, katika chumba ambacho kila apitaye huchungulia skrini. Basi mlango wa ukumbi tuliufunga kwa ajili ya nani?

Swali hilo ndilo lililomfanya binti atake kuhariri mwenyewe, chumbani mwake, na kina mama waliokuwa wakimwita kazini wakalipenda wazo hilo kuliko alivyotarajia. Kwanza alijaribu kwa kompyuta-mpakato ya zamani aliyoachiwa na kaka yake. Kila alipoifungua video ya simu, picha ilikwenda hatua mbili ikasimama, sauti ikatangulia, feni ikavuma kama lori linalopanda kutoka bandarini, kisha kila kitu kikaganda. Alikuwa amekwisha kupokea arubuni ya harusi moja, na siku zilizobaki zilikuwa 12.

Kisa cha kuganda huko si uzee wa mashine peke yake. Simu yake hurekodi kwa kiwango cha 4K, maana yake kila picha ina nukta 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8, ambazo ni mara nne ya video ya kawaida ya 1920 kwa 1080. Kisha simu nyingi za sasa huibana video kwa mtindo uitwao HEVC ili isijaze nafasi. Katika iPhone, dakika moja ya 4K yenye picha 30 kwa sekunde huchukua MB 170 hivi, na kwa mtindo wa zamani wa H.264 huchukua kama mara mbili yake. Mfikirie robota la nguo lililoshindiliwa kwa mashine. Limekuwa dogo, lapakiwa kwa urahisi, lakini anayelifungua kwa mikono hutoka jasho. Prosesa za Intel za kizazi cha 4, za mwaka 2013 na 2014, zina sehemu maalumu ya kufungulia H.264, ila ya kufungulia HEVC kwa ukamilifu ilikuja na kizazi cha 6, mwaka 2015. Mashine isiyo na sehemu hiyo hufungua kwa mikono.

Fedha ilitoka kwa mama yake, ambaye zamu yake ya chama ilikuwa imefika: shilingi 40,000, zilizokuwa zimekusudiwa bati la jikoni. Kaka yangu hakupendezwa. Hakukataza, ila alisema mvua za masika haziangalii video. Nayasema haya ili msidhani kwamba fedha hiyo ilikuwa ya kuchezea.

Tulikwenda mjini watu watatu: binti, mimi, na mzee jirani yetu aliyestaafu kazi ya umeme bandarini, ambaye mikono yake haijui kukaa bure. Duka la kwanza lilituonyesha kisanduku chembamba, safi, kimebandikwa kibandiko cha Core i7, na binti akafurahi. Mzee akakigeuza, akaomba kiwashwe, akasoma namba kamili ya prosesa kwenye skrini.

"Mwanangu," akamwambia, "usinunue kibandiko. Nunua namba."

"Lakini babu, i7 si kubwa kuliko i5?"

"Ya mwaka gani?"

Ilikuwa i7-2600, ya mwaka 2011. Katika namba hizi za tarakimu nne, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 2600 ni kizazi cha 2, 4590 ni cha 4, 8400 ni cha 8. Na i5-8400 ya mwaka 2017 ina viini sita, ilhali i7 ile ina vinne, na vya kale. Kina mama, hata msipokumbuka jingine katika makala haya, kumbukeni kuuliza namba yote.

Kile kisanduku chembamba kilikuwa na aibu nyingine. Ndani yake hakuna nafasi ya kuweka kadi ya picha ya kimo cha kawaida. Huingia zile fupi tu, ambazo ni adimu na ghali. Kwa kazi ya video tafuteni umbo la mnara, lile kubwa linalosimama, ingawa halipendezi mezani. Kompyuta za ofisi za namna hii, Dell OptiPlex na HP EliteDesk, hushuka kwa makontena kutoka Ulaya na Ghuba baada ya makampuni ya huko kuzibadilisha, na nyingi hupita katika bandari hii hii tunayoisikia usiku kucha tukiwa vitandani. Zilitengenezwa kwa ajili ya kuwashwa kila siku kwa miaka, kwa hivyo uzee wake si wa kuogopesha kama unavyodhaniwa.

Tulinunua OptiPlex 9020 ya mnara, yenye i5-4590, RAM ya GB 8 na diski ngumu ya GB 500, kwa shilingi 15,000. Ubao wake una nafasi nne za RAM, nasi tukaongeza GB 8 nyingine kwa shilingi 2,500, jumla 16. Chini ya hapo kuhariri video ni kujitafutia maradhi ya moyo. Angalieni aina: mashine hii hutumia DDR3, na DDR4 haiingii hata ukiilazimisha. SSD mpya ya GB 480 ilitugharimu 4,800. Hiki ndicho kitu cha pekee ambacho mzee alikataa kinunuliwe kikiwa kimetumika, kwani SSD huchakaa kila inapoandikwa, na diski ndiyo inayobeba kazi ya watu. Skrini ya mtumba ya inchi 22 ilikuwa 5,500. Hapo binti alichagua ile yenye rangi nzuri, si ile kubwa zaidi, akasema hina ikionekana nyeusi na dhahabu ikionekana manjano, bibi harusi atalia. Sikuwa na jibu.

Zilibaki shilingi 12,200, na hizo ndizo zilizoamua kama kompyuta itafaa au haitafaa. Kadi ya picha. Zipo zenye nguvu kubwa zinazotamanisha, ila kompyuta hizi za ofisi zina kigawa-umeme kidogo, hiki cha OptiPlex ni wati 290, tena viunganishi vyake ni vya kampuni yenyewe, huwezi kukibadilisha na chochote kilichopo dukani. Kwa hiyo yafaa kadi isiyohitaji waya wake wa umeme, inayotosheka na wati 75 za ubao. Tulipata GTX 1050 Ti yenye GB 4, aina iliyotoka mwaka 2016, kwa shilingi 9,500. Kadi hii inayo ile sehemu ya kufungua HEVC na ya kuifunga tena. Kwa maneno mengine, prosesa ya mwaka 2014 ilipata mikono ya mwaka 2016, na robota likafunguka. Kumbukeni tu kuuchomeka waya wa skrini kwenye kadi yenyewe, si kwenye tundu la zamani la ubao. Nimeona mtu akilaumu kadi wiki nzima kumbe hajaitumia.

Jumla, shilingi 37,300.

Kabla ya kulipa, mzee aliomba kompyuta iachwe ikifanya kazi kwa saa moja dukani, na muuzaji akakunja uso. Msione haya. Dini yetu imempa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu kilichofichwa aibu yake, na muuzaji anayeijua aibu ana wajibu wa kuieleza. Lakini ni nafuu kuigundua aibu mkiwa bado dukani kuliko kurudi na risiti. Mwangalieni mtu anayekataa kuwasha mashine yake. Tazameni ndani kama yale mapipa madogo ya ubao yamevimba juu, tazameni kutu kwenye skrubu na matundu, kwani hewa yetu ya chumvi haimhurumii chuma, na ombeni dhamana iandikwe kwenye risiti, hata ikiwa ya mwezi mmoja. Nyumbani, mzee alilitoa vumbi, akafuta ile marhamu ya kijivu iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya. Joto likashuka papo hapo.

Sasa nifikie jambo lililonifanya niandike.

Usiku ule binti alinipigia simu, sauti imebadilika. "Shangazi, nimeona nisiyopaswa kuyaona." Alikuwa ameifungua ile diski ngumu ya GB 500 iliyokuja na kompyuta, akidhani ni tupu. Kompyuta yenyewe ilitoka Ulaya, lakini diski ilikuwa ya hapa hapa. Bila shaka dukani waliitoa katika mashine nyingine. Ndani yake mlikuwa na majalada yenye tarehe na majina ya koo, na katika vile vijipicha vidogo alimwona bibi harusi kitini, pazia la dhahabu nyuma yake, na wanawake wamemzunguka. Aliifunga mara moja. Hakufungua hata moja, nami namwamini.

Tulikaa kimya kwenye simu kwa muda. Yeye alikuwa akifikiri juu ya yule bibi harusi, mimi nilikuwa nikifikiri juu ya dada zangu na binti zangu, ambao video zao zote zilipita katika vyumba vile vile vya mjini, nikawa sijui ziko katika diski gani leo, na diski hizo ziko katika nyumba ya nani. Asingekuwa mwanamke aliyeinunua ile kompyuta, je? Duka silitaji, na naamini muuzaji hakujua. Alipoambiwa aliomba radhi na akaonekana kushtuka kweli. Lakini kutojua kwake hakukumsitiri yule bibi harusi.

Kuna aliyesema watafutwe wenyewe warudishiwe, huenda hawana nakala nyingine. Hoja hiyo ina uzito, nami bado yanisumbua. Ila kuwatafuta kungetaka mtu aketi azitazame, na hakuna aliyekuwa na haki hiyo. Tukaamua zifutwe.

Na kufuta kwenyewe si kule mnakokujua. Unapofuta faili, au unapofomati kwa njia ya haraka, kompyuta huondoa jina tu katika faharasa, kama kurarua ukurasa wa yaliyomo huku kitabu kizima kikiwa palepale; programu za bure za kurudishia zitakisoma. Diski ngumu hufutika inapoandikwa upya yote, sifuri juu ya sifuri, na katika Windows hilo hufanyika ukiondoa alama kwenye chaguo la kufomati haraka, kisha ukasubiri. Ile yetu ilichukua karibu saa mbili. SSD ina amri yake maalumu ya kujifuta, kwa sababu huficha vipande ambavyo kuandika upya hakuvifikii. Baadaye mzee aliipima diski ile, akakuta imeanza kuwa na sehemu zilizokufa, haifai kuaminiwa na kazi ya mtu. Akaifungua kwa bisibisi na kuvunja sahani zake kwa nyundo nyuma ya nyumba, watoto wakishangilia.

Kwa hivyo yeyote kati yenu atakayeuza au kumpa mtu kompyuta au simu, aifute hivi kabla haijatoka mlangoni. Akiipeleka kwa wanaokusanya vifaa vichakavu, kama shirika la Computers for Schools Kenya lililoanza mwaka 2002 kuzitengeneza kompyuta zilizotumika kwa ajili ya shule, pia aifute kwanza. Na jambo hili halihusu haya na dini pekee. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yaihesabu picha ya mtu kuwa data yake, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Anayehariri kupamba kwa malipo na aijue sheria hiyo. Na anayemlipa vilevile.

Turudi kwenye kazi. Windows 10 iliacha kupokea marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, kwa hiyo mashine ya binti iliwekwa Linux Mint, ambayo ni ya bure, pamoja na Kdenlive, programu ya kuhariri isiyodai senti wala kukopi kwa wizi. Kdenlive ina uwezo wa kujitengenezea nakala nyepesi za video: unahariri juu ya nakala ndogo, mkono unakwenda bila kusita, na mwishoni programu hurudi kwenye zile asili ili filamu itoke na ubora wake. Usiku anaziacha nakala zijitengeneze, alfajiri baada ya swala anaanza kukata. Tena sasa anarekodi kwa 1080 badala ya 4K, isipokuwa pale anapotaka kumsogelea bibi harusi karibu. Televisheni nyingi za majumbani mwetu hazitaijua tofauti.

Sitawadanganya kwamba mashine hii inafanya yote. Ukirundika mapambo juu ya mapambo, maua yanayoanguka na herufi zinazometameta, itakwama; mimi nasema hiyo ni heri. Filamu ya dakika 40 ilichukua saa moja na robo kutoka. Mwenye kuweza kuongeza shilingi 10,000 au zaidi na anunue kizazi cha 6 au, bora, cha 8. Na anayeshawishiwa achukue kompyuta-mpakato kwa bei hiyo hiyo ajue kwamba prosesa zake mara nyingi ni zile dhaifu za kuokoa betri, na kwamba kadi ya picha haiongezeki humo.

Pigo lilikuja siku ya tisa. Umeme ulikatika katikati ya kazi. Sisi wa Kipevu, tunaoishi kando ya mitambo ya kuzalishia umeme, tumekwisha kuzoea kicheko hiki. Programu ilikuwa imejihifadhia kazi, akapoteza dakika chache tu, lakini arubuni ya harusi iliyofuata ilikwenda moja kwa moja kununua UPS, ambayo humpa dakika kumi hivi za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Ningekuwa nimeulizwa mapema ningesema inunuliwe kabla ya skrini nzuri.

Filamu ilikamilika siku ya 11. Binti hakuituma kwa simu. Aliivaa baibui yake, akaenda nami mpaka Magongo, akaiweka flashi mkononi mwa mama wa bibi harusi, na akafungua daftari alilolianzisha mwenyewe. Mna mistari minne kwa kila kazi: tarehe ya kupokea kadi, tarehe ya kukabidhi filamu, jina la aliyepokea, na tarehe ambayo nakala itafutwa kwenye SSD, siku 30 baadaye, isipokuwa wenyewe waombe iongezwe. Mama yule alisoma mstari wa nne mara mbili, akatia sahihi, kisha akauliza kama aweza kuletewa pia kanda ya kupamba kwa binti yake mkubwa, iliyohaririwa mjini miaka sita iliyopita, ili ajue ni nani bado anayo.

Hilo binti hakuweza kumjibu.